Dari ya Matao

Mtu anaweza kusimama nje ya nyumba akaisifu mpaka koo likamkauka, na bado asijue kama waliomo ndani wanacheka au wanalia. Nakshi za mlango hazimwambii mgeni lolote kuhusu usingizi wa wenyewe. Hayo ndiyo tunayoonywa na methali isemayo kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwanamke wa kisa hiki aliijua methali hiyo tangu shuleni, na pengine aliwahi kupewa alama nzuri kwa kuieleza. Lakini kuieleza methali ni rahisi kuliko kuiishi. Tena yeye hakudanganywa na mlango. Alidanganywa na dari.

Kazi yake ilikuwa kupamba kumbi za harusi, na mtaa mzima ulimwita Mpambaji. Mtu wa kazi hiyo akiingia ukumbini hashughuliki na viti wala zulia. Hutazama juu kwanza, maana juu ndiko vitambaa vinakoning'inia na taa zinakofungwa. "Ukumbi wenye dari fupi," alizoea kusema, "ni kama bwana harusi aliyevaa kofia ya mtoto. Mvishe suti ya namna gani, watu wataangalia kofia." Alikuwa na jicho kali na mkono mwepesi, na wateja wake waliamini kwamba akipewa banda la mbuzi na vitambaa vya kutosha, angeweza kuozesha humo binti wa waziri.

Mwenyewe, hata hivyo, aliishi chini ya dari fupi. Ilikuwa ya mbao laini, imelegea katikati kama kitanda cha kamba kilichochoka, na mumewe, mrefu kama mlingoti, aliweza kuigusa kwa kiganja bila kujinyoosha. Mume huyo alifundisha watu kuendesha magari, na kila mtu, hata mkewe, alimwita Mwalimu. Mtoto wao wa pekee alikuwa masomoni mbali. Mtu wa tatu ndani ya nyumba alikuwa baba yake Mpambaji, mzee mgane aliyejulikana kwa jina la Nyundo.

Nyundo alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Maisha yake ya kazi aliyamaliza akigonga mabati tangu asubuhi hadi jua kuchwa, na alipostaafu hakubaki na kitu cha kugonga isipokuwa watu, kwa maneno. Kiti chake kilikuwa kati ya mlango wa jikoni na meza ya chakula, na hakuna aliyepita hapo bila kutozwa ushuru wa mzaha. "Mimi na mkwe wangu tumetoka mbali," aliwaambia wageni. "Yeye anafundisha watu kuendesha, mimi nilikuwa nanyoosha walichogonga. Tulikuwa tunalishana hata kabla hajamwona binti yangu." Mwalimu alikuwa ameusikia mzaha huo mara zisizo na idadi, na kila mara alicheka.

Humo ndani ndimo mama yake Mpambaji alimofia, baada ya maradhi marefu. Mpambaji alimuuguza mwenyewe. Siku ambazo mgonjwa alikuwa hana nguvu ya kusema na muuguzi hana la kusema, wote wawili walikuwa wakiitazama dari ile iliyolegea. Baada ya mazishi, kila Mpambaji alipojilaza aliiona imeshuka kidogo zaidi. Hakumwambia mtu. Mtu mzima anaanzaje kusema kwamba anaogopa dari?

Siku moja aliitwa kupamba sherehe ya kufungua fleti mpya zilizotengenezwa ndani ya kiwanda cha zamani cha kusokota nyuzi. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka mingi, kikawa himaya ya popo. Sasa mwenye nacho alikuwa amekigawa makazi, akaweka majiko na mabafu mapya, lakini kuta, nguzo na dari akaziacha kama zilivyokuwa. Mpambaji aliingia na robota la kitambaa begani. Kama ilivyo desturi ya kazi yake, akatazama juu. Akaliteremsha robota chini polepole.

Dari ilikuwa ya matofali mekundu, imejengwa kwa matao, tao likipokea tao, mfano wa viganja vilivyokutanishwa kwa dua. Nguzo za chuma nyembamba ziliyabeba matao hayo kwa urahisi, kama mtu aliyebeba mwavuli. Madirisha yalianzia usawa wa kiuno yakapanda hadi karibu na matofali, na mwanga ulioingia haukugota mahali popote. Ulipanda, ukajipinda na tao, ukashuka upande wa pili ukiwa laini. Mpambaji alijikuta anavuta pumzi ndefu mpaka ikafika mwisho wake. Ndipo alipotambua kwamba tangu amzike mama yake alikuwa anapumua nusu nusu. Dalali aliyekuwa akimtembeza alikuwa ameshazoea kuona watu wakinyamaza mahali hapo, naye akanyamaza.

Jioni ile alimweleza mumewe.

"Jiko lake likoje?" Mwalimu aliuliza.

"Sikuangalia jiko."

"Vyumba je?"

"Sikuangalia vyumba."

"Sasa muda wote huo ulikuwa unaangalia nini, mke wangu?"

"Juu," alijibu, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Mwalimu hakuwa amekisikia tangu msiba wa mkwewe. Kwa ajili ya sauti hiyo, hakubisha tena.

Wakahamia. Nyumba yenyewe ilikuwa ukumbi mmoja mkubwa. Ngazi ya mbao ilipanda kwenye roshani ya ndani, ambako mke na mume waliweka kitanda chao. Chini, mwisho wa ukumbi, palitengwa pa mzee kwa ukuta mfupi usiofika juu. Siku ya kwanza Mpambaji alimshika baba yake mkono, akamsimamisha katikati ya ukumbi na kumwonyesha dari. Mzee aliangalia, kisha akamgeukia binti yake na kumtazama kwa muda mrefu.

"Nzuri, mama," alisema. "Nzuri sana." Mama ndivyo alivyozoea kumwita binti yake, kwa kuwa alikuwa na jina la mama yake mzazi.

Wageni walimiminika. Waliingia shingo zikiwa juu kama watu wanaotafuta ndege, wakasema maneno ya sifa, wakampa mzee mkono bila kumwangalia. Mpambaji alinawiri. Alilala usingizi mzito, akaamka na mwanga wa matao, akaimba akiwa jikoni na kuisikia sauti yake ikimrudia nene na tamu kana kwamba kuna kwaya nyuma yake. Mume aliona mkewe amerudi kutoka alikokuwa, akashukuru.

Hakuna aliyeona mara moja kwamba wakati binti anarudi, baba alikuwa anaondoka.

Kwanza alipunguza mizaha. Baadaye akaacha kabisa. Kiti chake sasa kilikuwa karibu na dirisha, nacho kilikuwa mbali na jiko na mbali na meza, na mtu akimsemesha alitabasamu na kutikisa kichwa. Majibu yake yalianza kwenda upande. Ukimuuliza kama amelala vyema, alisema ameshakula. Ukimuuliza kama anataka chai, alisema mvua haitanyesha. Mpambaji alipopaza sauti, sauti iligonga matao na kurudi vipande vipande, na mzee akazidi kutabasamu. Siku moja aliteleka sufuria, kifuniko kikarukaruka, maji yakakauka na chini ikaungua hadi moshi ukajaa, naye amekaa tu, mgongo ameupa jiko. Siku nyingine aliliacha bomba linamwaga maji mpaka jirani wa chini akapanda kulalamika.

"Ni masikio?" Mwalimu aliuliza.

"Kule nyumba ya zamani alikuwa anasikia hadi tunavyonong'ona," alijibu Mpambaji. "Hapana. Amekula chumvi nyingi. Ni akili inayochoka."

Walimwalika muuguzi mmoja waliyefahamiana naye. Akaketi mbele ya mzee, madirisha marefu yakiwa nyuma yake, akamuuliza maswali mepesi: leo ni siku gani, mkewe alikuwa anaitwa nani, hapa ni wapi. Nyundo alitabasamu na kusema, "Ahsante, mwanangu, nimepona." Muuguzi akatikisa kichwa taratibu, akaaga.

Nyundo alikuwa na dada mmoja, mdogo wake, aliyeishi mji wa pili. Alikuja kumtembelea kaka yake huku ameshikwa mkono, maradhi yamemla hadi sauti imebaki uzi. Walimkalisha kwenye kochi, akamkabili ndugu yake.

"Kaka," alisema, "unakumbuka siku mama alipotuvusha ule mto, mimi nikiwa mgongoni kwake, wewe umeshika ncha ya nguo yake?"

"Ndiyo, ndiyo," alisema Nyundo. "Chai ipo."

"Ule mto, kaka. Unaukumbuka?"

"Karibu sana, dada. Jisikie nyumbani."

Yule mama alimtazama, kisha akainamisha kichwa. Wakati wa kuondoka alimshika Mpambaji mkono pale mlangoni. "Nilikuja kumuaga kaka yangu, mwanangu," alisema. "Nimekuta ameshatangulia kuondoka."

Haukupita muda, habari ikaja kwamba amefariki. Mpambaji aliposikia alishuka ngazi machozi yakimtoka. Akasimama kwenye kidato cha mwisho, mwanga wa dirisha mgongoni kwake, akasema, "Baba, shangazi ametutoka."

Nyundo aliinua uso akatabasamu. "Vizuri, mama. Msalimie sana."

Maneno hayo yalimchoma Mpambaji kuliko msiba wenyewe. Aliketi kwenye kidato akalia kwa ajili ya watu wawili, aliyekufa na huyu aliye hai. Mazishi yalikuwa ya haraka na safari ilikuwa ndefu. Waliona si busara kumbeba mtu asiyejua anakopelekwa. Wakamwacha na jirani, wakaenda kuzika.

Baada ya hapo Mpambaji alianza kuulizia nyumba ya kulelea wazee. Aliipata, akaenda kuiona. Ilikuwa safi, na mama aliyeisimamia alikuwa na lugha ya upole. Aliporudi alimweleza mumewe, naye akaisukuma sahani kando.

"Baba yako hajamkosea mtu humu ndani," alisema.

"Na mimi nimesema amekosa? Nikienda kazini nawaza moto. Nikiwa juu ya ngazi nafunga taa za watu, nawaza maji. Nimefika mwisho, Mwalimu."

"Basi gari chukua. Lakini mimi sitamwendesha."

Jioni hiyo hiyo, wakiwa mezani, Mpambaji alimweleza baba yake. Hakutaka kumficha. Alisema polepole, kwa sauti ya juu, kwamba kesho watakwenda mahali pazuri, kuna wenzake, ataangaliwa vyema, na kwamba hata shangazi, Mungu amrehemu, angeona ni sawa. Nyundo alimfuata midomo kwa macho, akaitikia, "Sawa, mama. Itakuwa vizuri." Asubuhi walimkuta amenyoa ndevu, amevaa shati lake la sikukuu, amekaa karibu na mlango, mikono juu ya magoti.

Gari lilikuwa dogo, lile la kufundishia, lenye breki ya pili upande wa abiria. Nje ya mji barabara ilikuwa inatengenezwa, vumbi limetanda, Mpambaji akapandisha vioo vyote. Mbele kidogo mfanyakazi mwenye bendera aliwasimamisha. Foleni ilikuwa ndefu, akazima injini. Ndani ya gari pakawa kimya, bega la binti likigusana na bega la baba.

"Mkwe wangu ananiheshimu," alisema Nyundo ghafla. "Amenipa breki yangu mwenyewe."

Mpambaji aligeuka.

"Usiogope, sitaikanyaga. Ila hiyo gia ya tatu unaiingiza kama unamwibia mtu." Akanyoosha kidole kuelekea gari lililokuwa mbele yao. "Na huyo aliyeinyoosha bodi hiyo, mama, alikuwa na njaa. Angalia rangi ilivyotiwa juu ya tope."

Alikuwa hajasikia maneno ya maana kutoka kwa baba yake kwa muda mrefu. "Baba," alisema kwa sauti ya kawaida, akiogopa hata kuipaza, "umekunywa chai asubuhi?"

"Nimekunywa. Ilikuwa nyepesi, nikakuhurumia nikainywa." Kisha mzee akapekua nyuma ya kiti kwa macho. "Sasa mbona hatujanunua kitu? Mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu."

"Mgonjwa yupi, baba?"

"Si tunakwenda kwa shangazi yako? Jana mezani nilikusikia ukimtaja. Siku ile alipokuja sikuambulia neno lake hata moja. Sauti imekwisha kabisa, masikini. Nimesema leo nitakaa naye karibu, sikio kwa mdomo, aniambie tena."

Yote yalimjia Mpambaji kwa pamoja, kama kabati linapomwangukia mtu: sufuria, bomba, chai, mvua, na lile neno la salamu kwa marehemu. Hakuna kilichokuwa kimeharibika katika akili ya baba yake. Alikuwa hasikii. Na hapa, ndani ya gari dogo, alikuwa anasikia.

Alimshika mkono. "Baba, shangazi alifariki. Nilikwambia. Nilisimama kwenye ngazi nikakwambia."

Nyundo alimtazama midomo, kana kwamba anasubiri iseme vingine. "Lini?"

"Kabla ya mvua kuanza."

"Mkazika?"

"Tulizika, baba."

"Ile siku mliyoniacha na jirani." Alikuwa haulizi. "Mimi nilidhani mmekwenda kupamba harusi."

Alitazama mbele, kwenye vumbi. Machozi hayakumtoka. Kisha akauliza, "Na sasa tunakwenda wapi?"

Mpambaji alitamani ardhi ipasuke. Lakini alikuwa ameshachoka na maneno yasiyofika, akaamua kwamba hili lifike. Akamwambia. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akarekebisha kola ya shati lake la sikukuu.

"Basi twende," alisema. "Kama umeshawaambia watu tunakuja, si vizuri kuwaweka."

Hapo ndipo Mpambaji alipolaza paji la uso kwenye usukani akalia. Bendera ilikuwa imeshabadilishwa, magari ya nyuma yalipiga honi, mengine yakawapita kwa hasira. "Kwa nini hukuniambia, baba?" aliuliza. "Kwa nini?"

Nyundo alimgeukia. "Masikio haya yaliniharibikia gereji, zamani. Kule kwetu nilikuwa nayaficha. Nyumba ndogo humstiri kiziwi, watu wako karibu, nasoma midomo, nabahatisha. Kule kwenye matofali, mama, maneno yanapanda juu hayashuki. Nikimtazama mtu mdomoni, dirisha liko nyuma yake, uso ni giza. Nawasikia kama watu wanaosemea ndani ya pipa. Nikaona heri nitabasamu, nisiwachoshe."

"Ungesema tu. Tungehama siku ile ile."

"Siku uliponionyesha ile dari, mimi sikuiangalia sana. Niliangalia uso wako. Tangu mama yako aondoke sikuwa nimekuona hivyo. Nikasema, mtoto amepata pa kupumulia. Mimi nitazoea." Akampapasa bega. "Endesha, mama. Tumewazibia watu njia."

Mpambaji aliwasha gari. Hakwenda kwenye nyumba ya wazee, wala hakurudi mjini. Walikata njia ya kwenda mji wa pili, wakafika kaburini alasiri. Udongo ulikuwa umeshaanza kushuka na majani machanga yameota pembeni. Nyundo aliomba aletewe kitu cha kukalia, wenyeji wakampa kigoda, akaketi.

"Alisema nini siku ile alipokuja?" aliuliza. "Niambie yote."

Mpambaji alipiga magoti kando yake, akaweka mdomo karibu na sikio lake, akamweleza habari ya mto na mama yao na ncha ya nguo. Alipofika kwenye maneno ya mwisho, yale ya mlangoni, alisita. Ingekuwa rahisi kuyaruka. Akayasema.

Mzee alitikisa kichwa. "Alikuwa na haki ya kusema hivyo," alisema. Halafu akainama kuelekea kwenye udongo, akazungumza kwa sauti kubwa kama wasemavyo viziwi. "Naukumbuka, dada. Maji yalinifika kifuani. Nilikuwa nimeshika nguo ya mama, lakini macho yangu yalikuwa kwako, usije ukateleza." Alikaa hapo mpaka jua likapungua, na binti yake hakumharakisha.

Tabibu wa masikio alisema uharibifu ulikuwa wa siku nyingi, akampa kifaa cha kuvaa sikioni. Katika chumba kidogo cha zahanati kilifanya kazi kama muujiza. Mzee alisikia hata kalamu ikiandika. Lakini walipoingia nacho nyumbani, kilizoa kila mwangwi uliokuwa ukizunguka juu na kumwagia sikioni. Nyundo alikivua. "Zamani nilikuwa sisikii neno moja," alisema. "Sasa nasikia mia, na sielewi hata moja." Mpambaji alitandika mazulia, akaning'iniza vitambaa vyake vya kazi ukutani. Ilisaidia kidogo, haikutosha. Mzee alianza kuketi ndani ya gari lililoegeshwa nje, na kila jioni Mwalimu alikuwa akimfuata huko na vikombe viwili, wakazungumza vioo vikiwa juu.

Mpambaji aliwaona kutoka dirishani. Alisimama akawatazama muda mrefu, kichwa cha mumewe kikiwa kimeinama karibu na cha baba yake. Mwalimu alipopanda, alimkuta ameanza kukunja vitambaa.

"Lakini unaipenda nyumba hii," alisema mumewe.

"Naipenda. Sijawahi kupenda mahali hivi."

"Utajuta?"

"Nitaikumbuka," alijibu. "Shangazi ndiye ninayemjutia."

Dari haikuwa na kosa. Siku walipohama ilikuwa nzuri kama siku ya kwanza, mwanga ukipanda na kushuka na matao yake, na Mpambaji alisimama chini yake kidogo kabla ya kukabidhi funguo. Walipata nyumba kwenye uchochoro ulio nyuma ya karakana ya useremala. Ilikuwa na vyumba vitatu vifupi, ukuta wa nje umebanduka rangi, na mlango wa bati uliokwaruza sakafu kila ulipofunguliwa. Si kwamba kila kitu kilitengemaa. Mpambaji bado alikuwa na siku za kulala vibaya, dari ikimkaribia uso. Ila sasa alimweleza baba yake, na mzee akamwambia kwamba hata yeye kule nyumba ya zamani alikuwa akiiogopa. Wala Nyundo hakurudi kuwa yule yule. Mara nyingine alianza mzaha akauachia katikati, akanyamaza, na wote walijua amemkumbuka nani. Lakini alikuwa anasikia, na alikuwa anajibu.

Siku moja alikuja mgeni, mwanamke waliyekuwa wakipamba naye kumbi, ambaye kule kiwandani alikuwa amepiga picha matao kila upande. Aliusogelea mlango wa bati, akautazama, akautazama tena.

"Ndiyo hapa?" aliuliza.

"Ndipo," alijibu Mpambaji aliyetoka kumpokea.

"Niambie ukweli, dada yangu. Mna shida gani? Mtu hawezi kuiacha dari kama ile akaja kujibanza huku kwa hiari yake."

Kabla Mpambaji hajajibu, sauti ya Nyundo ilisikika kutoka ndani, akimweleza mkwewe kwamba mwanafunzi wake mmoja ameegesha gari barabarani kama mtu aliyelitupa. Mwalimu alijibu neno kwa sauti ya chini, mzee akalidaka hapo hapo na kulirudisha, na vicheko vya wote wawili vikatoka hadi uchochoroni.

Mgeni alitega sikio. "Huyo ni mzee?" aliuliza polepole. "Yule aliyekuwa hasemi?"

Mpambaji hakueleza. Aliusukuma mlango kwa bega, ukakwaruza sakafu, ukafunguka wote. "Karibu," alisema, na mgeni akainamisha kichwa, akaingia, akakuta mzee ameshamvutia kiti karibu na chake na anamsubiri kwa swali. Ama kweli, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.